Nta, Mvua na Mkwe Wangu

Aprili 2

Leo mke wangu amenipa daftari. Alikuwa amelificha chini ya mto, jipya, bado linanuka duka. Akanikabidhi kwa uso ule ule anaowapa wanafunzi wake kazi ya likizo.

"Fundi," akasema, "tangu asubuhi kazi yako ni kuniuliza najisikiaje. Swali likikujia tena, liandike humu. Mimi niache nipumue."

Huniita Fundi kwa sababu natengeneza miwani: nasaga lenzi, nanyoosha fremu zilizokaliwa na watoto. Mimi namwita Mwalimu kwa sababu ni mwalimu, na kwa sababu hata nyumbani kumjibu bila kunyoosha mkono ni kujitafutia makubwa.

Daktari ameamuru alale. Si kupunguza kazi, si kujinyoosha mchana: alale, ainuke kwenda chooni na kuoga, basi. Mimba zetu mbili za kwanza zilitoka mapema. Hii imezipita zote mbili, imeingia mwezi wa sita, lakini mlango wa kizazi hauna nguvu. Wameufunga kwa uzi. "Sasa tumwombe mtoto asiwe na haraka," daktari alisema, akacheka. Sisi hatukucheka.

Nimesogeza kitanda dirishani ili aone ua na barabara. Mvua imeanza jioni.

Aprili 3

Nimemuuliza mara mbili tu.

Aprili 6

Mteja wangu mmoja, mzee aliyeendesha teksi tangu ujana wake, alikuja dukani kuchukua miwani. Nikiwa nakaza nati, aliliona gari letu nje.

"Lile ni lako?"

"Ni langu, mzee."

"Maskini."

Akatoka, akarudi na kopo bapa la bati. Ndani mlikuwa na nta ngumu ya manjano, mfano wa rangi ya viatu, ila inanukia vizuri zaidi. Alisema ndiyo aliyokuwa akiipaka teksi yake. "Jaribu. Rangi ile haijafa, imelala tu."

Gari letu tunaliita Nyanya. Zamani lilikuwa jekundu kama nyanya iliyoiva. Sasa lina umri wa kuitwa nyanya na mtu yeyote. Wekundu wake umepauka ukawa kama tofali lililosahauliwa juani, na boneti inatoa unga mweupe. Ukiliegemea, suruali inabeba ushahidi.

Mwalimu alilishika kopo, akalinusa, akanirudishia. "Afadhali. Usugue gari, usinisugue mimi kwa maswali."

Aprili 9

Mama mkwe amefika. Atakaa nasi mpaka mtoto azaliwe.

Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni. Amestaafu yeye, macho yake bado yako kazini. Nilimpokea begi, nikamwamkia, akaitikia, halafu akanitazama juu mpaka chini. "Mbona umekonda? Anayelala ni yeye, wewe umepatwa na nini?"

Alipita chumba hadi chumba. Alibonyeza godoro, akafungua friji, akanusa maziwa. Nikajiona kama abiria asiye na tiketi. Tangu nimuoe binti yake tumezungumza kwa heshima na kwa kifupi. Siku nilipokwenda kujitambulisha aliuliza ninafanya kazi gani. Nikasema miwani. "Miwani?" akasema. "Kwani watu wanaharibu macho kiasi hicho?"

Aprili 10

Aibu. Asubuhi nilisimama mlangoni mwa chumba nikamwambia Mwalimu, "Nyanya ameamka vibaya leo. Anakohoa, anatetemeka, na nyuma anatoa moshi." Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa koridoni na trei ya chai.

Mwalimu alicheka mpaka nikaogopa uzi utakatika. Ilinibidi nimtoe mama nje, nimwonyeshe gari, nimweleze jina. Alilizunguka lote.

"Hili ndilo litakalompeleka mwanangu hospitali?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya," akasema, akarudi ndani.

Aprili 12

Jaribio la kwanza. Mvua iliachia, jua likatoka kali, nikaona ndiyo nafasi. Niliosha boneti, nikachota nta kwa sponji, nikapaka kama mtu apakaye siagi kwenye mkate wa mgeni. Nikaenda kumpelekea Mwalimu maji. Niliporudi, nta ilikuwa imekauka ikawa kama lipu ya ukuta. Nimesugua mpaka bega likalia. Imebaki mistari myeupe, na kwenye plastiki nyeusi ya bampa kuna madoa yasiyotaka kusikia la mtu.

Mwalimu alikuwa anatazama yote kutoka dirishani. "Maksi mbili kwa kumi," akasema. "Moja ya kuosha, moja ya kujitokeza."

Aprili 14

Mzee wa teksi amenicheka hadharani, mbele ya wateja. Anasema kwanza nta haipakwi juani. Chuma kiwe baridi, gari liwe kivulini. Pili, nta haipakwi nyingi: ipakwe nyembamba mpaka udhani hujapaka. Tatu, nimeanza mwisho. Ile ngozi ya rangi iliyokufa lazima iondolewe kwanza kwa dawa ya kusugulia, taratibu, kwa mkono. Ndipo nta ipate pa kushika.

"Una haraka ya nini?" aliniuliza. Sikumwambia kwamba nyumbani kwetu haraka ndiyo adui.

Aprili 15

Mvua siku nzima. Mwalimu amesahihisha mitihani akiwa chali, karatasi angani. Wino umemdondokea puani.

Aprili 18

Yaliyotokea leo lazima niyaandike.

Nilirudi mapema. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini tuna kibanda cha bati pembeni mwa nyumba, na gari linaingia humo lote isipokuwa mkia. Nilianza kusugua boneti kwa ile dawa. Rangi ya zamani si kama ya siku hizi, haina kifuniko juu yake, ukiisugua inatoka. Kitambaa changu kilibadilika kikawa chekundu, kisha chekundu zaidi. Lakini chini yake, lo! Kulikuwa na wekundu mwingine, mbichi, kama jicho lililofunguka. Nilifurahi kama mtoto. Kitambaa kilipolowa nikaenda kukitumbukiza kwenye ndoo bafuni, nikatoka kuchukua kingine.

Nikasikia ndoo inapinduka. Sikusikia kelele. Nilipokimbilia bafuni, nilimkuta mama mkwe amekaa sakafuni kwenye maji mekundu, kile kitambaa amekishika kwa mikono miwili, amekibana kifuani. Midomo inacheza bila sauti. Sijapata kumwona hivyo. Mwanamke aliyewahi kumshusha bondia kwenye treni kwa sababu ya tiketi ya jana.

"Mama! Ni rangi. Ni rangi ya gari, Mama. Si damu. Yeye mzima, amelala."

Alinitazama kama hanielewi. Nikachuchumaa nikamnusisha kitambaa. Kinanuka mafuta ya taa na dawa. Ndipo akavuta pumzi. Akainuka mwenyewe, akaukataa mkono wangu, akakifua kile kitambaa pale pale mpaka maji yakawa meupe, akakikamua, akanipa.

"Matambara yako yasiingie tena ndani ya nyumba hii."

"Hayataingia, Mama."

"Na yeye asijue."

Hajui. Alituuliza nini kimeanguka, tukajibu kwa pamoja, "Ndoo."

Aprili 19

Nilidhani mama mkwe ni jiwe. Tangu jana namtazama anavyokata mkate wa binti yake vipande vidogo vidogo, na naona kisu kinavyotetemeka.

Aprili 21

Leo nimepaka nta kama nilivyofundishwa. Kivulini, chuma kikiwa baridi, nyembamba, kwa mizunguko midogo. Nilipaka nusu ya boneti tu, upande wa kushoto, ili tuone tofauti. Ikakauka ikawa kama ukungu kwenye kioo cha bafu. Nikapitisha kidole, njia ikatoka safi. Nikaifuta kwa kitambaa laini, kile ninachofutia lenzi kazini.

Jamani. Niliona uso wangu. Umekonda kweli.

Aprili 23

Nimempeleka Nyanya mvuani makusudi, chini ya dirisha la Mwalimu, tuangalie. Upande wa kulia maji yalilala tu, yakatapakaa kama wageni wasioaga. Upande wa kushoto yalisimama matone matone, mviringo, yakitetemeka, halafu yakaanza kubingirika moja baada ya jingine.

"Wanakimbia kama darasa langu likisikia kengele," Mwalimu alisema. Akashika mkono wangu akauweka tumboni. Kulikuwa na kengele huko pia. Mtoto alipiga teke, akapiga tena. Tulikaa hivyo, tunaangalia matone.

Mama mkwe alichungulia juu ya bega langu. "Na huo upande mwingine umekosa nini?" akauliza.

Aprili 24

Nimepaka upande mwingine.

Mei 1

Milango ya kushoto. Maumivu ya mgongo kwa Mwalimu, lakini muuguzi kwa simu amesema ni kulala sana.

Mei 4

Si mgongo tu. Alfajiri tumbo lilikaza mara kadhaa, tukaenda hospitali. Wamempiga sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, wakamlaza, wakapima, tumbo likatulia. Jioni wakaturudisha. Daktari amesema, "Kila siku anayokaa humo ndani ni zawadi."

Njiani kurudi nilikwepa kila shimo. Mwalimu alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Nilikuwa nawaona kwenye kioo cha ndani. Mama alikuwa anamchomoa nywele nyeupe ambazo mimi sijawahi kuziona.

Mei 5

Buti la Nyanya.

Mei 6

Buti tena. Sikuridhika.

Mei 11

Nimekasirika. Naandika ili nisiseme.

Nilikuwa kibandani nasugua mlango wa dereva, na kweli nilikuwa nimeshausugua jana. Mama mkwe alikuja akasimama na mwavuli.

"Baba, gari hili litachubuka. Ndani kuna mtu."

"Najua, Mama."

"Unajua? Mwenzio anahesabu mbao za dari. Anahitaji mume, hahitaji karakana."

 Kitambaa nilikikunja nikakiweka juu ya kopo, nikaingia ndani kwa heshima zote, na moyoni nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki hata hapa. Kwani ni mimi nisiyetaka kukaa? Nikikaa namtazama tumbo. Nikimtazama tumbo naona zile mbili zilizopita. Hapo nainuka nikatafute kitu ambacho nikikigusa kinakuwa kizuri.

Nilimwambia Mwalimu. Alisikiliza macho yamefumba.

"Mwache mama. Anaogopa."

"Na mimi je?"

"Wewe unaogopa kwa kusugua. Yeye anaogopa kwa kukagua. Mimi sina hata pa kuogopea, nimelala tu." Halafu akafumbua macho. "Lala hapa pembeni. Usiniulize kitu. Nisimulie wateja wa leo."

Nikamsimulia yule bwana aliyetafuta miwani yake duka zima kumbe ameivaa. Alicheka polepole, kwa kipimo, kama mtu anayenywa dawa.

Mei 13

Leo sijagusa gari. Tumecheza karata watatu juu ya kitanda. Mama mkwe anaiba karata. Mkaguzi!

Mei 20

Mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Vumbi limerudi barabarani. Mwalimu amefika mwezi wa nane, na sisi sote tumeanza kusema "mtoto akija" badala ya "Mungu akipenda". Kisha tunaongeza "Mungu akipenda" haraka haraka.

Mei 27

Nyanya amekamilika. Paa, boneti, buti, milango yote. Wapita njia wamesimama kuangalia. Mmoja ameuliza kama nimenunua jingine. Nta kidogo ilikuwa imebaki pembeni mwa kopo, na kuitupa ni dhambi, nikaipaka kwenye vioo vyote. Vimeng'aa. Mwalimu alipiga makofi kutoka dirishani.

"Hata kioo cha mbele?"

"Hata kioo cha mbele!"

"Maksi kumi kwa kumi," akasema, nami nikavimba kichwa.

Mei 30

Naandika kwenye benchi la hospitali. Yote ni ya jana.

Baada ya chakula cha mchana wingu lilishuka jeusi mpaka tukawasha taa. Nilikuwa sijarudi dukani. Sijui kwa nini, miguu ilikataa tu. Mwalimu akaniita. Hakuniita Fundi. Aliniita kwa jina langu, na mwili wangu ukaelewa kabla ya masikio.

Chupa ilikuwa imepasuka. Shuka limelowa. Na uzi bado upo, haujatolewa. Daktari alituonya kwamba uchungu ukianza na uzi upo, tusipoteze hata dakika. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa, wakasema liko upande wa pili wa mji, tusubiri. Mama mkwe aliichukua simu mkononi mwangu akaikata.

"Hatusubiri. Leta gari."

Nilikimbia. Funguo zilianguka, nikaziokota, nikashindwa kuzilenga tunduni. Mikono haikuwa yangu. Nyanya akawaka mara ya kwanza, bila kikohozi. Tukambeba Mwalimu mimi na mama, tukamlaza kiti cha nyuma, mama akaingia humo humo akampakata kichwa.

Tulipofika barabarani, mvua ikamwagika, ya kwanza baada ya siku zote zile. Nikawasha wipa.

Sikuona kitu. Wipa ziliruka, zikakwaruza, zikatandaza kwenye kioo utando mweupe, mzito, kama mtu amepaka maziwa. Nikawasha kwa kasi zaidi, ukazidi. Nta! Nta yangu mwenyewe. Mimi, mtu ninayelipwa kwa sababu nawawezesha watu kuona, nimejipaka upofu kwa mikono yangu. Nilishuka nikafuta kwa shati, nikapanda, nikaenda hatua chache, utando ukarudi. Taa za magari mengine zilikuwa kama mayai yaliyovunjika.

"Sioni," nikasema. Nadhani nilikuwa nalia. "Mama, sioni mbele. Nilipaka nta kwenye kioo."

Nilingoja anichane. Nilistahili. Nilisikia kioo cha nyuma kinateremshwa, na baridi na mvua vikaingia ndani. Niliangalia kwenye kioo cha ndani nikaona mgongo wake tu: alikuwa ametoa kichwa na bega zima nje, mkono mmoja ameuacha ndani, juu ya kichwa cha mwanawe.

"Nimechungulia nje ya mabehewa maisha yangu yote," alipiga kelele. "Endesha!"

Nikaendesha.

"Nyoosha! Nyoosha hivyo hivyo. Kulia kidogo. Kidogo nimesema! Lori, lipishe. Simama! Sasa twende. Kuna dimbwi, polepole, mbebe mwanangu polepole. Nyoosha!"

Sauti ile! Ilipita juu ya mvua, juu ya honi, juu ya hofu yangu. Waendesha pikipiki waliipisha. Askari wa barabarani aliisikia kabla hajatuona, akazuia magari ya upande wa pili bila kuuliza. Mimi nilitoa kichwa upande wangu nilipoweza, lakini zaidi nilikuwa masikio matupu. Akisema kushoto, mkono unakwenda kushoto. Sijapata kumwamini mtu kiasi kile.

Katikati ya uchungu, Mwalimu akasema kwa meno yaliyoumana, "Mganga hajigangi." Nikacheka na kulia kwa pamoja. Mama naye kule nje alicheka, nikasikia maji yanamwingia mdomoni.

Walitupokea mlangoni na kitanda cha magurudumu. Waliutoa uzi kwa wakati. Jioni, kabla mvua haijakatika, mtoto wetu alizaliwa. Msichana. Kilo moja na robo tatu hivi. Amepelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha watoto njiti, kwenye sanduku la kioo lenye joto. Mwalimu yuko salama, amechoka, ananiuliza mimi najisikiaje.

Mei 31

Asubuhi tulikaa koridoni mimi na mama mkwe, tunasubiri turuhusiwe kumwona mtoto. Nguo zake zilikuwa zimekaukia mwilini. Nilimnunulia chai, akaishika tu, akipasha mikono.

"Mama, nisamehe kwa kile kioo."

Kama hakusikia. Akasema, "Siku ninamzaa huyu, baba yake alipiga viatu rangi. Viatu vyote vya nyumba. Vilipokwisha akaenda kwa jirani, akaomba vyao."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nilikuwa nikimsikia ile brashi, shwa, shwa, shwa. Nikasema moyoni, mimi nakufa huku, huyu anang'arisha viatu. Nimekuwa nikimcheka miaka yote, mpaka mbele za watu. Juzi wewe umesimama na funguo, mikono inakutetemeka, ndipo nikakumbuka mikono yake. Ilikuwa na rangi nyeusi mpaka kwenye viwiko, na ilikuwa inatetemeka vile vile. Na hayupo nimwambie."

 Nilimwekea koti langu mabegani. Hakulikataa.

Kisha muuguzi akatuita.

Juni 3

Mtoto anapumua mwenyewe. Kidole chake ni chembamba kuliko skrubu ya fremu. Nasema hivi kwa kuwa nimelinganisha.

Juni 5

Mtoto ana homa. Wamemwekea mpira wa dawa mguuni. 

Juni 6

Bado.

Juni 7

Imeshuka! Muuguzi mkuu, mama mnene asiyependa mzaha, alisema, "Baba, vua shati." Nikadhani amekosea mtu. Akanikalisha kwenye kiti cha kuegemea, akamtoa mtoto kwenye sanduku, uchi isipokuwa nepi na kofia, akamlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akatufunika. "Joto lako ndilo dawa. Usimpapase, usimsugue. Tulia tu."

Usimsugue. Mwalimu, kwenye kiti cha pembeni, aliuma shuka asicheke.

Nilitulia. Nadhani ni mara ya kwanza tangu mvua zianze. Alikuwa mwepesi kama kitambaa, na moto, na kila alipopumua nilihisi pumzi inatua kwenye mfupa wa kifua changu. Hakuna cha kufanya. Hakuna cha kurekebisha. Nilikaa mpaka mkono ukafa ganzi, nikaomba niachwe zaidi.

Juni 10

Nilitoka hospitali nikamkuta mama mkwe kwenye maegesho, ana chupa ya siki na magazeti, anafuta kioo cha mbele. Amekifuta chote, ndani na nje, amefuta na wipa zenyewe.

"Boneti usiiguse, Mama."

"Nani aguse? Ile umeipaka vizuri." Alisugua kona moja iliyokwisha kuwa safi. "Nilikuwa nikiangalia yale matone kutoka jikoni. Kila mvua ikinyesha."

Hakuwahi kusema.

Juni 16

Kilo mbili kasoro kidogo. Zamu yetu watatu: asubuhi mama yake, ambaye bado analala wodini, mchana bibi yake, jioni mimi. Ninapokuja kupokea, mama mkwe hataki kutoka. "Dakika moja," anasema, na dakika zake ni za treni iliyochelewa.

Juni 22

Ananyonya mwenyewe. Mwalimu amelia, muuguzi mkuu amejifanya anapanga dawa.

Juni 27

Tumemleta nyumbani. Jua, na hewa imeoshwa. Niliendesha taratibu mpaka mwendesha baiskeli akatupita, akatupungia mkono. Mwalimu alishuka mwenyewe, akasimama uani kwa miguu yake, akawa hataki kuingia ndani. "Kitanda kile nisikione leo," akasema, akaenda kutembea, pole pole, mpaka barabarani na kurudi, na kwenda tena.

Mimi niliingia na mtoto. Chumbani nikamkuta mama mkwe anafunga zipu ya begi lake. Alikuwa amelifungasha tangu asubuhi. Shuka la kitanda chake limekunjwa, mto juu yake.

"Sasa naenda kwangu," alisema bila kunitazama. "Mama mkwe akikaa sana, anachacha."

Mwezi wa nne ningembebea begi mbio mpaka kituoni. Leo nilisimama mlangoni na mwanangu mikononi, nikajua kwamba akitoka, nyumba hii itakuwa na shimo ambalo sina cha kulizibia.

"Kaa, Mama."

"Nimekaa vya kutosha, baba."

"Kaa mpaka ajue kukuita."

 Alitazama begi, akatazama dirishani, ambako binti yake alikuwa anapita tena, mikono nyuma kama anasimamia mtihani.

"Huyo?" akasema hatimaye, akimtazama mtoto. "Huyo atachukua mwaka mzima."

"Ndiyo, Mama."

Aliinua begi, nikadhani basi. Akalirudisha chini ya kitanda kwa mguu. Kisha akanijia, ameshanyoosha mikono.

"Nipe huyo mtoto. Unamshika kama usukani."